Ukiingia benki kama mhitimu, ifuate pesa

Kila mwaka benki zinapotangaza nafasi za wahitimu, napokea ujumbe kutoka kwa vijana wa Mlimani, Mzumbe, IFM na vyuo vingine. Wengi huuliza mambo mawili: mtihani wa mtandaoni ukoje, na ukishapita uombe kupelekwa idara gani. La kwanza halina maneno mengi. Hesabu za asilimia, kusoma majedwali kwa haraka, kuelewa habari uliyopewa. Fanya mazoezi, muda ni mfupi. La pili ndilo limenikalisha kuandika, kwa sababu karibu wote wanataka makao makuu, ghorofa za juu, kwenye hazina, yaani idara inayosimamia fedha za benki yenyewe, au mikopo ya makampuni makubwa. Tawi wanaliona kama kituo cha kupitia tu.

Mimi niliingia kwa mlango huohuo, na sasa niko idara ya mikopo. Ninachoamini ni hiki: programu ya wahitimu inakupa kitu kimoja ambacho hutakipata tena ukishapangiwa dawati lako, nacho ni ruhusa ya kuifuata pesa moja kuanzia inapoingia hadi inapotoka. Mshahara mzuri utaupata hata kwa njia nyingine. Ruhusa hiyo hutaipata.

Kwa asiyejua, utaratibu wenyewe ni huu. Benki inachukua wahitimu wachache wa shahada, na si lazima wawe wamesoma uhasibu. Katika kundi letu walikuwamo wa sheria, takwimu, kilimo na uhandisi. Inawazungusha idara moja baada ya nyingine kwa mwaka mmoja hadi miwili hivi, kisha inawapangia kazi ya kudumu. Benki nyingine hukufunga kwa mkataba wa kuitumikia muda fulani baada ya mafunzo, na ukiondoka mapema unalipa. Usomeni mkataba huo kabla ya kusaini. Nasema hivyo kwa sababu nimewaona watu wanausaini kwa furaha ya barua ya ajira bila kufungua ukurasa wa pili.

Wazee wa benki hawakuhitaji programu ya namna hii. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, benki binafsi zilitaifishwa na ikazaliwa NBC, na kwa zaidi ya miaka 20 kijana aliyetaka kazi ya benki mara nyingi aliingia huko, akianza ukarani. Katika tawi langu la kwanza nilimkuta mzee mmoja wa kizazi hicho, amebakiza muda mfupi astaafu. Alikuwa ameanza na kadi za saini, akapelekwa kwenye leja, kutoka leja hadi hundi, kutoka hundi hadi dirishani, halafu mikopo, na yote hayo yalifanyika ndani ya jengo moja. Mteja akiuliza hundi yake iko wapi, mzee huyo angeinuka, akatembea hatua chache, akaishika kwa mkono. Alikuwa anaijua safari ya pesa kwa sababu safari yenyewe ilikuwa ya chumba hadi chumba.

Kisha mambo yakabadilika. Tume ya Rais iliyoongozwa na Charles Nyirabu ilipendekeza sekta ifunguliwe, sheria ya mabenki ya 1991 ikaruhusu benki binafsi, na mwaka 1997 NBC ikagawanywa, NMB ikatoka humo. Zikaja kompyuta na mitandao, na kazi iliyokuwa ya tawi moja ikakatwa vipande na kupelekwa makao makuu. Siku hizi afisa anayefungua akaunti Newala hamjui anayeihakiki Dar es Salaam, na anayehakiki hajawahi kumwona mteja. Sisemi ni vibaya. Kazi ni ya haraka zaidi na wizi wa ndani ni mgumu zaidi, maana anayeingiza muamala siye anayeuidhinisha. Lakini mtu anaweza kufanya kazi benki mpaka nywele zikaota mvi bila kujua kinachotokea baada ya yeye kubonyeza kitufe. Programu ya wahitimu inajaribu kurudisha kwa makusudi kile ambacho zamani kazi yenyewe ilikifundisha.

Mimi nilibahatika kupelekwa kusini, kwenye tawi la wilaya mojawapo ya mkoa wa Mtwara, wakati msimu wa korosho ndio unafunguka.

Msiojua kusini, ngoja niwaeleze, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza benki. Mkulima hapeleki korosho zake kwa mfanyabiashara. Anazipeleka AMCOS, chama chake cha msingi cha ushirika, zinapimwa, anapewa karatasi yake. Kutoka hapo zinakwenda ghala kuu, na chama kikuu kinaziuza kwa mnada: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007. Wanunuzi wengi huzisafirisha zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Mnunuzi akishalipa, yanatoka makato ya ushuru na ya vyama, kinachobaki kinashuka AMCOS, na AMCOS inaleta benki orodha ya wakulima na stahili ya kila mmoja.

Kwa maneno inaonekana nyepesi. Dirishani ni jambo lingine kabisa. Kabla mlango haujafunguliwa watu wameshajipanga, wengine wametoka vijijini kwa bodaboda alfajiri. Kwenye orodha ya AMCOS jina ni Hadija, kwenye kitambulisho cha NIDA ni Khadija, kwenye akaunti aliyofunguliwa zamani ni Hatija, na mfumo haujali kwamba wote watatu ni mama mmoja aliyesimama mbele yako. Malipo yanakataliwa. Yuko asiyesaini, anaweka dole gumba, na dole lenyewe limekwanguliwa na utomvu wa maganda ya korosho hata alama haionekani vizuri. Yuko mzee anayetaka milioni zake zote taslimu leo hii, na wewe unatakiwa umshauri kuhusu usalama wake bila kumfanya ajione anazuiwa mali yake.

Aliyenifundisha ni keshia mkuu wa tawi, dada ambaye hakuwa na shahada na hakujali kama mimi ninayo. Alinihesabisha noti kwa mkono kabla hajaniruhusu kugusa mashine. Bunda la noti 100 za elfu kumi ni milioni moja, na alitaka vidole vyangu vitambue noti isiyo sawa kabla macho hayajafika. Alinikataza kumhesabia mteja pesa huku natazama kompyuta. Volti ilifunguliwa na watu wawili, kila mmoja na ufunguo wake, na hakuna aliyeingia peke yake hata kama ni meneja na ana haraka. Jioni hesabu ilikuwa lazima ikae, mpaka shilingi. Ikizidi ilikuwa tatizo sawa na ikipungua, kwa sababu iliyozidi ni ya mtu fulani aliyeondoka na pesa pungufu.

Kuna bibi mmoja alikuja dirishani kwangu akiwa na mjukuu wake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Korosho nimepima. Mnada umepita. Jirani yangu kalipwa. Yangu iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliona tu kwamba malipo yake yalikataliwa na hayapo kwenye akaunti. Pesa ilikuwa ndani ya benki yetu, lakini mimi niliyevaa kitambulisho cha benki sikuweza kumwambia iko wapi. Suala lake tulilishughulikia kwa barua ya AMCOS na marekebisho ya jina, akalipwa. Swali lake nilitoka nalo kusini, nikazunguka nalo kila idara.

Kituo kilichofuata kilikuwa uendeshaji, makao makuu, na huko ndiko nililiona jibu. Malipo yanayokataliwa hukaa kwenye akaunti ya mpito, mistari maelfu, kila mmoja una namba ya kumbukumbu na kiasi. Kijana aliyekuwa anaishughulikia alikuwa mchapakazi. Alianza na viwango vikubwa kwa sababu ndivyo vinavyoulizwa kwenye vikao, na laki mbili za mkulima zilisubiri chini ya orodha. Hakuwa anajua kwamba mstari wake ni mtu aliyesimama kwenye foleni. Nilipomweleza, tulimwomba msimamizi turuhusiwe kupanga mistari hiyo kwa AMCOS na kuirudisha tawini siku ileile, ili wanaowajua wakulima kwa sura wathibitishe majina. Akakubali. Haikuhitaji kamati wala mfumo mpya. Ilihitaji mtu mmoja aliyewahi kukaa pande zote mbili, na hiyo ndiyo hoja yangu yote kuhusu programu hizi.

Huko uendeshaji niliona pia malipo ya mnunuzi yakiingia kupitia TISS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo makubwa kati ya benki ulioanza mwaka 2004. Mabilioni yanapita kwa sekunde. Nilikuwa nimeyaona yakitoka kwa elfu kumi kumi.

Kuhusu hazina nitasema kidogo, maana vijana wanaisifu kuliko inavyohitaji kusifiwa. Ni idara nzuri, ya watu makini. Utajifunza minada ya dhamana za serikali za siku 35, 91, 182 na 364, utajifunza hatifungani, yaani dhamana za muda mrefu, utajifunza kwamba kuanzia Januari 2024 Benki Kuu inaongoza sera yake kwa Riba ya Benki Kuu, iliyoanza kwa asilimia 5.5, na utaelewa kwa nini namba hiyo ikisogea watu wote chumbani wanainua vichwa. Ila kilichonishangaza mimi ni kuiona korosho tena. Mnunuzi analeta dola, anaiuzia benki, anapewa shilingi za kulipia mnada. Kwa hiyo dawati la fedha za kigeni huuhisi msimu wa kusini kwa upande wa pili kabisa. Tena kuna noti zenyewe: ukwasi kwenye vitabu haumsaidii mkulima kama tawi halina karatasi za kumpa, na karatasi hizo lazima ziagizwe mapema kutoka tawi la Benki Kuu lililoko Mtwara, zisindikizwe barabarani, zifike. Niliwasimulia wenzangu wa hazina namna tawi linavyokuwa mchana noti zikiisha na watu bado wamejipanga nje. Tangu hapo wakawa wananiuliza tarehe za minada.

Sasa mikopo. Hapa ndipo nilipobaki, na hapa nataka msome taratibu.

Mhitimu akifika idara ya mikopo hupewa mafaili na kufundishwa kuchambua mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya biashara, mtiririko wa fedha, taarifa ya mkopaji kutoka taasisi za kumbukumbu za mikopo. Ni muhimu. Lakini wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, Mwanjelwa au Soko la Kilombero hawana mizania. Wana daftari la mauzo, wana simu yenye miamala, wana bidhaa kwenye rafu. Afisa mikopo mzuri huenda mara mbili, siku na saa tofauti, mara ya pili bila taarifa. Anatazama kama mizigo inatembea au ni ileile aliyoiona mwanzo, na vumbi juu ya makopo humwambia zaidi ya karatasi. Anaongea na jirani wa duka. Anauliza nani anashika pesa mwenye duka akisafiri.

Baada ya hapo nikapelekwa kitengo cha urejeshaji, kinachofuatilia mikopo isiyolipwa, na ningekuwa na mamlaka ningemlazimisha kila mhitimu kupita huko kabla hajaruhusiwa kuidhinisha hata shilingi. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 unahesabika kuwa chechefu. Benki Kuu inataka mikopo ya namna hiyo isizidi asilimia 5 ya mikopo yote; mwaka 2017 kwa sekta nzima ilikuwa imepita asilimia 10, na Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano ndogo zilizokuwa zimepungukiwa mtaji: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Wateja wa benki hizo walikuwa watu wa kawaida, wenye vikoba na ada za watoto. Anayedhani mkopo mbaya ni hasara ya wenye hisa tu, akumbuke foleni zilizokuwa nje ya milango ile.

Nilifuatana na afisa wa urejeshaji hadi kwenye nyumba moja iliyowekwa dhamana, pembezoni mwa Dar es Salaam. Mwenye mkopo hakuwepo. Alikuwepo mkewe. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, na Sheria ya Ndoa ya 1971 ilishamlinda kabla ya hapo. Kwenye faili ridhaa ilikuwepo, saini ilikuwepo, muhuri wa wakili ulikuwepo. Mama yule aliitazama saini yake, akasema ni yake. Kisha akaeleza kwamba siku ile aliambiwa na mumewe waende mjini kusaini karatasi za biashara, wakakuta watu wengi, karatasi imeandikwa Kiingereza, akaonyeshwa mahali pa kuweka saini, wakarudi. Hakuna aliyemwambia neno nyumba.

Kisheria faili lilikuwa limekamilika. Aliyelitayarisha alikuwa ameweka alama kwenye kila kisanduku, na aliyeliidhinisha alikuwa ameviona visanduku vyote vimejaa. Kila dawati lilitimiza kipande chake. Mama aliishi miaka kadhaa katika nyumba ambayo hakujua kwamba ipo mezani, mpaka alipobandikiwa ilani mlangoni.

Afisa niliyefuatana naye, mwanaume mpole ambaye watu wa idara nyingine walimwogopa kwa sababu ya kazi yake, alikaa chini akamfafanulia mama kila kitu kwa Kiswahili, hatua zilizobaki, haki alizonazo, na namna ya kuomba mkopo upangwe upya kabla dalali hajaitwa. Alikaa muda mrefu, akakataa chai mara ya kwanza, akaikubali ya pili. Njiani aliniambia kwamba nusu ya kazi yake ni kueleza mambo ambayo yalipaswa kuelezwa siku ya kwanza.

Leo hakuna faili la nyumba linalopita kwangu kwenda kamati ya mikopo kabla mwenza hajasomewa mkataba kwa lugha anayoielewa, akiwa peke yake na sisi, mwenzake akiwa nje. Wenzangu wengine huona nawachelewesha. Sijali. Wapo wenza waliokataa baada ya kuelewa, na mikopo hiyo haikutoka, na ninaona hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Programu zenyewe zina kasoro, na wanaoziendesha wanazijua. Kubwa kuliko zote ni haraka. Mhitimu anakaa tawini wiki chache, anapewa kiti cha mgeni nyuma ya keshia, anatazama, anaondoka, halafu anapimwa kwa uwasilishaji wenye picha nzuri ukutani, mbele ya wakurugenzi. Hapo amejifunza kuongea mbele ya wakurugenzi. Ya pili ni manung'uniko ya wafanyakazi wa siku nyingi. Keshia wa miaka mingi anamfundisha kijana kazi, na baada ya muda kijana huyo anarudi akiwa bosi wake. Ana haki ya kuumia. Benki ingeweza kuwafungulia milango hiyo watu wake wenyewe, hasa wale waliojisomea cheti cha taaluma ya ubenki, CPB, cha Taasisi ya Mabenki Tanzania usiku baada ya kazi. Mhitimu kwa upande wake aingie tawini na adabu. Aamkie, afike mapema, abebe trei za sarafu kama wengine.

Jambo jingine ni nyumbani. Ukishapata barua, familia inajua uko benki, na simu zitaanza: mjomba anataka mkopo, shangazi anataka mtoto wake aingizwe. Wajibu kwa heshima na uwaelekeze utaratibu, lakini usifungue akaunti ya ndugu yako kwenye mfumo hata kwa kuangalia salio tu, hata akikuomba mama yako. Kila unachofungua kinabaki kwenye kumbukumbu na jina lako.

Mkiitwa kwenye usaili, mwishoni watawauliza kama mna swali. Msiulize kuhusu likizo. Ulizeni mhitimu anakaa tawini muda gani, na kama atakuwa na dirisha lake na namba yake ya kuingilia kwenye mfumo au atakuwa mtazamaji. Ulizeni kama urejeshaji umo kwenye ratiba. Ulizeni kama mnaweza kuomba tawi la msimu: kusini kuanzia Oktoba kwa korosho, Kanda ya Ziwa wakati wa pamba. Wakijibu kwamba mafunzo yote hufanyika makao makuu, ombeni miezi mitatu ya tawi kwa maandishi, na muitaje wilaya mnayoitaka.